Dakika mbili za kipaza sauti: Tabora inatufundisha nini kuhusu hotuba ya papo kwa papo?

Mkutano wa kijiji ukifika kwenye maswali na maoni, mwenyekiti hutaja utaratibu wa siku: kila mmoja dakika mbili, na asirudie yaliyosemwa na mwenzake. Kipaza sauti kinapita mkono kwa mkono. Anayesimama hana karatasi. Mbele yake wamekaa mkuu wa wilaya, ofisa ardhi, mwakilishi wa kampuni na majirani zake wote. Anaanza kwa kushukuru, anawataja wageni mmoja mmoja, anaeleza alizaliwa wapi na amelima tangu lini. Kabla hajafika kwenye jambo lililomtoa nyumbani, mwenyekiti anamkatiza: "Malizia, mzee wangu."

Anaketi. Kesho yake mtendaji wa kijiji anapoandika muhtasari, jambo lake halimo. Kwa kumbukumbu za serikali ni kama hakusema kitu.

Mkoani Tabora mikutano ya namna hii imeongezeka, na kinachozungumzwa ndani yake si kidogo. Reli mpya ya kisasa inajengwa kupitia mkoa huo, kutoka Makutupora hadi Tabora na kutoka Tabora hadi Isaka. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa kipande kingine cha Tabora hadi Kigoma, chenye kilomita 506. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linakatiza wilaya za Nzega na Igunga, na kiwanda cha kuyafunika mabomba yake kwa tabaka la kutunza joto kimejengwa Sojo, Nzega. Kila mradi wa aina hiyo huja na upimaji wa ardhi, orodha ya mali, fidia, na kikao cha kuwasikiliza wananchi.

Ndiyo maana uwezo wa kusimama na kusema jambo likaeleweka, bila kuandaliwa, umekuwa sehemu ya haki ya raia. Nao mji wa Tabora una historia ndefu kuhusu jambo hilo kuliko wengi wanavyodhani.

Sheria inampa nani nafasi ya kusema?

Nchini Tanzania, kusema kwenye mkutano wa kijiji si hisani ya mwenyekiti. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, unaomhusisha kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, kuwa chombo cha juu cha maamuzi ya sera katika kijiji. Kwa utaratibu, mkutano huo hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaupa uzito zaidi. Serikali inapotaka ardhi ya kijiji ihamishwe kwa matumizi mengine, na eneo hilo halifiki hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Eneo likiwa kubwa zaidi, uamuzi ni wa waziri, lakini maoni ya kijiji lazima yazingatiwe.

Kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge kuna mkutano mwingine wenye nguvu: mkutano mkuu wa chama cha msingi cha ushirika, maarufu kama AMCOS. Hapo ndipo wanachama hupitisha ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa kwa msimu. Mkopo wa mbolea na pembejeo nyingine hulipwa kwa tumbaku, na deni la chama humgusa hata mwanachama aliyenyamaza kikaoni.

Kwa hiyo sheria imeshafungua mlango. Kinachobaki ni mtu kujua aseme nini anapoingia.

Januari 1958: ukumbi uliojaa hasira

Mfano mkubwa kuliko yote wa hotuba iliyobadilisha mkutano mzima nchini Tanzania ulitokea Tabora, Januari 1958, katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha TANU.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza, na Gavana Edward Twining alikuwa ameandaa uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Masharti yake yaliwaudhi Waafrika wengi. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waafrika walikuwa mamilioni, Wazungu na Waasia walikuwa wachache sana, lakini kila kundi lilipewa viti sawa. Zaidi ya hapo, haki ya kupiga kura iliwekewa masharti ya kisomo, kipato au wadhifa. Mkulima wa kawaida na mama wa sokoni walibaki nje.

Wajumbe wengi walifika Tabora wakitaka TANU isusie. Hoja yao ilikuwa nzito: kushiriki uchaguzi wa kibaguzi ni kuukubali ubaguzi. Julius Nyerere, rais wa chama, alikuwa na wasiwasi tofauti. TANU ikisusia, chama cha UTP, kilichopata baraka za utawala wa kikoloni, kingejikusanyia viti bila upinzani, na baraza hilo lingezungumza kwa jina la Watanganyika wote.

Mjadala ulikuwa mkali. Nyerere aliposimama kuwashawishi, hakuanza kwa kuwaambia waliokasirika kwamba wamekosea. Alikubaliana nao kwamba kura tatu ni mbaya. Kisha akawapa mfano uliobaki vichwani mwa watu mpaka leo: wa shamba zuri lililo ng'ambo ya tope. Anayetaka mavuno hana budi kuvuka, na nguo yake nyeupe itachafuka. Anayetaka nguo ibaki safi atasimama upande huu akiyatazama mavuno kwa mbali.

Mkutano ukaamua kushiriki. Uamuzi huo umeingia katika historia ya Tanzania kwa jina la Uamuzi wa Busara. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea wa TANU pamoja na Wazungu na Waasia waliowaunga mkono walishinda kwa kishindo. UTP ikafifia. Tarehe 9 Desemba 1961, chini ya miaka minne tangu kikao cha Tabora, Tanganyika ikawa huru.

Je, kweli ilikuwa hotuba ya papo kwa papo?

Ukitazama maneno, ndiyo. Mzungumzaji aliyekabiliwa na ukumbi uliogawanyika hawezi kusoma karatasi aliyoiandika kabla ya kusikia hoja za wenzake. Analazimika kujibu yaliyosemwa muda mfupi uliopita, kwa maneno ambayo waliokuwa wakipinga watayaelewa.

Lakini ukitazama maandalizi, jibu ni tofauti. Mwanahistoria Mohamed Said, aliyeandika sana kuhusu wazee waliopigania uhuru, anaeleza kwamba kabla ya Tabora Nyerere alipitia Tanga na kuzungumza na viongozi wa TANU wa huko kuhusu kura tatu, akiomba wamuunge mkono mkutanoni. Kwa maelezo hayo, alipoingia ukumbini tayari alishaipima hoja yake mbele ya watu wanaojua kupinga, na alijua atakuwa na wenzake wa kusimama upande wake.

Kuna maandalizi ya muda mrefu zaidi. Nyerere aliingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937, akiwa kijana kutoka Butiama, na huko alishiriki midahalo ya wanafunzi. Baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha shule ya St. Mary's, akawa pia katika uongozi wa tawi la chama cha African Association mjini humo, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Mtu aliyesimama mbele ya wajumbe mwaka 1958 alikuwa na miaka ishirini ya kubishana kwa hoja, na sehemu kubwa ya mazoezi hayo aliyafanyia mji uleule.

Hilo ndilo fundisho la kwanza, nalo linapingana na imani ya wengi. Tunamwona mtu akisimama bila karatasi na kusema vizuri, tunasema ana kipaji. Mara nyingi alichonacho ni jambo alilolifikiria siku nyingi. Maneno ndiyo ya papo kwa papo, lakini wazo lenyewe lilishaiva zamani.

Wala si lazima kujifunzia darasani. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza kitengo cha wanawake cha TANU tangu mwaka 1955, hakuwa na kisomo kirefu. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma mjini Dar es Salaam. Anayeongoza wimbo kwenye ngoma hujifunza kusoma nyuso za watu, kusikia lini wamechoka na lini wako tayari kuitikia. Ujuzi huo aliupeleka jukwaani, na akawa miongoni mwa wasemaji waliovuta umati mkubwa katika miaka ile.

Njia ya misafara ilikuwa njia ya maneno

Kabla ya TANU na kabla ya reli, Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kuishia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja kwa miezi kadhaa: pembe za ndovu kwenda pwani, nguo na shanga kwenda bara. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na hilo halifai kusahauliwa.

Msafara wa mamia ya watu haukuweza kwenda bila mtu wa kusema. Kirangozi alitangulia mbele, na waandishi wa safari wa karne ya 19 wameeleza jinsi matangazo ya safari ya kesho yalivyotolewa kambini jioni, watu wakiitikia. Kupita Ugogo kulihitaji majadiliano ya hongo na watemi wa huko, na majadiliano hayo yangeweza kuchukua siku kadhaa. Wapagazi nao walijua kutetea maslahi yao. Mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wa ujira waliopatana malipo na posho, na waligoma walipoona wameonewa. Mwenye msafara aliyeshindwa kuzungumza nao aliamka asubuhi akakuta mizigo chini na watu hawapo.

Katika njia hiyo ndimo ulimostawi pia utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya pwani na ya njiani, kama Wazaramo. Watafiti wengi wa utani wanauhusisha na safari hizo, kwa sababu mgeni anayepita mbali na kwao alihitaji watu watakaomzika akifa na kumtunza akiugua. Mpaka leo msibani mtani anaweza kusimama bila kualikwa, akazuia shughuli mpaka alipwe chochote, akamsema marehemu na wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Hakuna anayemwandikia mtani hotuba. Anachokijua ni mipaka yake: nani anaweza kutaniwa, kwa lipi, na lini anyamaze. Mtani anayezidisha huharibu msiba.

Nguvu ya kusema haikupimwa kwa ukubwa wa sauti. Mirambo, mtemi wa Urambo aliyetikisa biashara ya njia hiyo mpaka alipofariki mwaka 1884, alijulikana kwa vita. Henry Morton Stanley alipokutana naye mwaka 1876 alitarajia kumkuta mtu wa kutisha. Aliandika kwamba alimkuta mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Watu walimsikiliza kwa sababu alichosema kilitekelezwa.

Stanley mwenyewe ana somo jingine. Salamu aliyodai kumpa David Livingstone walipokutana Ujiji mwaka 1871, kabla ya wawili hao kusafiri pamoja hadi Kwihara nje kidogo ya Tabora, ni moja ya kauli za papo kwa papo zinazojulikana zaidi duniani. Lakini kurasa za shajara yake zilizohusu mkutano huo zilichanwa, na mwandishi wa maisha yake, Tim Jeal, anaona kuwa huenda salamu hiyo iliundwa baadaye. Kwa anayeogopa kusimama, habari hiyo inafariji. Kauli nyingi tunazosifia kwamba zilitoka papo hapo zilinyooshwa baada ya tukio. Usijipime nazo.

Hotuba nzuri ya dakika mbili ina nini ndani yake?

Turudi kwa mzee aliyekatizwa. Tuseme jambo lake lilikuwa miti ambayo haikuingia kwenye orodha ya fidia. Angeweza kusema hivi:

"Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Shamba langu lilipimwa mwezi wa tatu. Miembe sita haikuhesabiwa, na jirani zangu wawili walikuwapo siku hiyo. Naomba ofisa ardhi aje ahesabu upya kabla orodha haijafungwa, na ombi hili liandikwe kwenye muhtasari. Ahsanteni."

Maneno hayo hayamalizi hata nusu dakika, na yana kila kitu kinachotakiwa. Tuyachambue.

Kwanza, salamu ni fupi. Kwa Waswahili salamu ni heshima, na anayeruka salamu huonekana hana adabu. Lakini orodha ya vyeo hula muda wa mwenye shida. Watanzania wameshapata dawa yake: maneno mawili, "itifaki imezingatiwa". Wakubwa wameheshimiwa, na muda umebaki.

Pili, kuna jambo moja tu. Mwenye mambo matatu ya kulalamikia, akiyasema yote kwa dakika mbili, atajibiwa lile lililo rahisi kwa mjibuji. Ofisa akisikia miti, barabara na zahanati, atazungumzia barabara. Kabla ya kunyoosha mkono, jiulize: wakikumbuka kitu kimoja tu kutoka kwangu, kiwe kipi?

Tatu, kuna kitu kinachoweza kuhesabiwa au kuthibitishwa: mwezi, idadi, mashahidi. "Tunaonewa" ni kauli ya kweli kwa wengi, lakini mwenye mamlaka anaweza kuijibu kwa "tutalifanyia kazi". "Miembe sita" haijibiki hivyo.

Nne, kuna ombi lenye jina la mtu wa kulitekeleza na wakati wake. Hapa ndipo wengi hupotea. Wanaeleza shida vizuri, watu wanapiga makofi, kisha wanaketi bila kusema wanataka nini. Mkutano wa Tabora wa 1958 haukuishia kwenye kupiga makofi. Uliishia kwenye azimio.

Tano, kuna ombi la kuandikwa. Kauli isiyo kwenye muhtasari ni vigumu kuifuatilia miezi sita baadaye, hasa kama ofisa aliyekuwapo amehamishwa.

Na hofu je? Moyo kwenda mbio na sauti kutetemeka ni kawaida, hata kwa waliozoea. Dawa iliyo karibu ni kujua sentensi ya kwanza na sentensi ya mwisho kabla ya kusimama. Katikati utajikwaa, lakini anayejua anakokwenda hujikwaa na kuendelea. Ukihisi maneno yamekwisha, nyamaza kidogo. Kimya cha sekunde tatu kwako ni kirefu, kwa wasikilizaji ni pumzi. Njia nzuri zaidi ya kujaribu ni kumweleza jambo hilo mtu wa nyumbani usiku wa kabla ya mkutano. Asipokuelewa yeye, anayekujua, mkuu wa wilaya hatakuelewa.

Ushauri huu unafaa pia kwa msikilizaji anayepiga simu redioni. Hapo dakika mbili huwa sekunde thelathini.

Kwa kiongozi, jukwaa ni hatari

Mpaka hapa tumemzungumzia raia. Kwa mwenye madaraka hali inageuka. Raia anaposema papo kwa papo na kukosea, anapoteza hoja yake. Kiongozi anapokosea, kauli yake inaweza kuwa amri.

Mfano unaokumbukwa ni wa Chalinze, mkoani Pwani. Tarehe 22 Juni 2017, Rais John Magufuli akiwa kwenye mkutano wa hadhara alisema kwamba katika kipindi cha uongozi wake msichana aliyepata mimba hatarudi katika shule ya serikali. Shule zilikuwa zikiwaondoa wasichana hao hata kabla ya hapo, lakini yalikuwapo mazungumzo ya kuandaa njia ya kuwarudisha. Baada ya kauli ya jukwaani mazungumzo hayo yalikwama. Wizara ya Elimu ilitangaza kuwa wanaruhusiwa kurudi tarehe 24 Novemba 2021. Kwa zaidi ya miaka minne, maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa hadhara yaliamua maisha ya wasichana ambao hawakuwapo hapo wala hawakupewa kipaza sauti.

Makofi ni kipimo kibaya cha sera. Umati unaposhangilia, msemaji huongeza chumvi, na akishasema hadharani ni vigumu kurudi nyuma bila kuonekana amedhoofika. Wahenga walionya: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa kiongozi, hotuba nzuri ya papo kwa papo ni ile inayosikiliza, inayojibu lenye jibu, na inayosema wazi kwamba mengine yatarudi na jibu la maandishi kwa tarehe inayotajwa.

Ukilinganisha Chalinze na Tabora, tofauti iko wazi. Tabora, kiongozi alizungumza mbele ya watu waliokuwa na haki ya kumpinga na kura ya kumshinda. Ilibidi awashawishi. Kwenye mkutano wa hadhara umati unaweza kushangilia au kunyamaza tu, na hauna kura ya kumkatalia anayesema.

Walioshindwa hoja walikwenda wapi?

Hotuba nzuri haimalizi mabishano yote. Zuberi Mtemvu, miongoni mwa waliopinga kura tatu, hakushawishika. Alijitoa TANU na kuanzisha chama cha African National Congress mwaka huohuo. Hakufanikiwa kwenye uchaguzi. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere akapata takriban asilimia mbili ya kura.

Historia imeuita uamuzi wa Tabora kuwa wa busara kwa sababu ulizaa matunda haraka. Lakini waliopinga hawakuwa wapumbavu. Walichosema kuhusu ubaguzi wa kura tatu kilikuwa kweli, na Nyerere mwenyewe alikikubali. Waliyotofautiana nayo ni njia. Kikao chenye afya huandika hoja zote mbili, kwa sababu msemaji hodari anaweza pia kuushawishi ukumbi kwenda mahali pabaya. Ufasaha si ushahidi.

Hili linahusu vikao vya leo moja kwa moja. Sheria ya ardhi ya vijiji inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Viti hivyo vinahesabika. Lakini kukaa kwenye kiti ni jambo moja na kusikika ni jingine. Katika vijiji vingi kipaza sauti huanza kwa wazee wa kiume, huenda kwa wafanyabiashara, kisha vijana wenye kelele, na kinapofika upande waliokaa akina mama muda umekwisha. Mjane anayelima ekari mbili kando ya njia ya reli anaweza kuwa na hoja nzito kuliko zote, na ikabaki kifuani.

Mwenyekiti anayetaka haki anaweza kubadilisha mpangilio huo kwa kauli moja: leo tunaanza upande ule. Anaweza pia kusoma maombi yaliyotolewa kabla ya kufunga kikao, ili kila mmoja asikie kama lake limeandikwa. Hilo halihitaji bajeti wala semina.

Nini cha kuangalia mbele

Reli na bomba vitaendelea kuleta vikao katika wilaya za mkoa wa Tabora, na wakulima wa tumbaku wataendelea kukutana kila msimu kupitisha madeni yao. Katika kila kikao, wataalamu watakuja na michoro na takwimu zilizoandaliwa kwa miezi. Wananchi watakuja na dakika mbili.

Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa ufasaha peke yake. Taarifa za mradi zinatakiwa zifike kijijini kabla ya mkutano, si siku ya mkutano, ili mtu apate muda wa kulifikiria jambo lake. Nyerere hakuvuka tope la Tabora kwa ulimi tu. Alikuwa ameshaifikiria hoja yake, na wenzake walikuwa wameisikia kabla. Mkulima wa Igunga anastahili nafasi ileile: apewe taarifa mapema, aongee na jirani zake, achague jambo moja, na siku ya kikao asimame akijua sentensi yake ya mwisho.

Na atakapoketi, amtazame mtendaji aliye na kalamu. Kama kalamu haijasogea, anyooshe mkono tena.